Mzamia na Mshika Kamba

Shahada ya juu kuliko zote za chuo kikuu tumeipa katika lugha yetu jina la uzamivu, na sikio la mtu wa pwani haliachi kusikia ndani ya jina hilo kitendo cha kuzama. Nami kila nilitajapo huwakumbuka wazamia lulu wa Ghuba, waliokuwa wakishuka katika vina vya bahari kwa pumzi moja ya kifua, jiwe mguuni na kikapu shingoni, huku juu ya chombo amesimama mtu wa pili ambaye kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuishika kamba na kumvuta mwenziwe pindi aitikisapo. Lulu ikipatikana sifa ilimwendea aliyezama, na hiyo ni ada ya dunia. Walakini hapana mzamia aliyejitosa majini asijue ni mkono wa nani ulioshika kamba yake.

Makala haya ni habari za kamba hiyo. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huwatoa kila mwaka vijana wenye shahada ya uzamili katika elimu ya vimelea, ya kinga ya mwili, ya dawa na ya maradhi yaenezwayo na wadudu, na akthari yao hawakosi akili wala ari. Lakini wavukao kwenda katika uzamivu ni wachache, na miongoni mwa hao wavukao wako wakaao humo miaka hata mvi zikaanza kuwatoka, wasiwe na kitu mkononi. Wako wasemao kwamba sababu ni uhaba wa fedha, nami siukatai ushahidi wao, maana fedha ni haba kweli. Ila baada ya kuzungumza na wanafunzi na wasimamizi wao kwa muda mrefu nimeona kuwa iko sababu nyingine iliyotangulia fedha: shahada ya uzamili, kwa jinsi inavyofundishwa mahali pengi, humlea mtu katika kujibu, na uzamivu humtaka aulize, na baina ya kujibu na kuuliza pana mkondo ambao cheti hakiuvushi.

Tazama mwenendo wa mambo. Mwanafunzi wa uzamili hukaa chuoni mwaka mmoja na nusu au miwili, akasoma madarasa, akafanya mitihani, kisha akapewa mada ya tasnifu, na mada hiyo aghalabu ni kipande kilichokatwa katika mradi mkubwa wa msimamizi wake: damu imekwisha tolewa na kuwekwa katika jokofu, hojaji imekwisha chapwa, na swali limekwisha ulizwa na mtu mwingine, pengine katika nchi nyingine, naye hupima, huhesabu, huandika, na kuvaa joho. Hana kosa, wala kazi yake si bure, kwa kuwa hapana fundi aliyeunda jahazi kabla hajachonga kasia. Lakini aingiapo katika uzamivu, kwa miaka 3 au 4 na pengine zaidi, hukuta chumba kisichokuwa na mwalimu mbele: anatakiwa alete jambo ambalo kabla yake hapana aliyelijua, alitetee mbele ya watu waliotumia umri wao katika elimu hiyo, na, lililo gumu kuliko yote, ajue mwenyewe ni lipi linalostahili kutafutwa na ni lipi la kuachwa. Mtu hawezi kuamka na maarifa hayo siku aliyosajiliwa. Sharti awe amelelewa nayo tangu nyuma, naye akiwa bado mwanafunzi wa uzamili.

Nilipata kufuatana na binti mmoja wa namna hiyo huko Kilifi, ambaye alikuwa akipima kingamwili za malaria katika damu ya watoto. Chombo chake cha kazi kilikuwa sahani ndogo ya plastiki yenye vitundu 96, safu 8 za vitundu 12, na katika kila kitundu alitia kwa pipeti tone la damu iliyochujwa, kisha dawa baada ya dawa, mpaka rangi ikajitokeza. Penye kingamwili nyingi rangi hukolea, penye chache hufifia. Siku moja safu ya mwisho yote ilitoka hafifu. Alitamani kuirudia kimya kimya na kuitupa ile ya kwanza, lakini daftari la maabara halina ukurasa wa kuchanwa: kosa hupigwa mstari mmoja wa wino ili lisomeke chini yake, na tarehe huandikwa kando. Msimamizi wake, ambaye huyasoma madaftari ya wanafunzi kila Ijumaa kabla ya sala, hakumwambia kosa liko wapi, ingawa nadhani alikwisha liona. Aliketi naye, akamtaka aitembee tena siku ile, hatua kwa hatua, saa kwa saa, mpaka binti akakumbuka kwamba kabla ya kufikia safu ya mwisho aliitwa mlangoni kupokea mzigo, akakaa huko robo saa, na safu hiyo ikapata dawa yake kwa kuchelewa ilhali zote zilisimamishwa kwa wakati mmoja. Robo saa ya mlangoni ingaliweza kuandikwa katika jarida kuwa ni habari ya kinga ya watoto wa Kilifi. Kikao kile kilichukua dakika 40, na kwa hesabu ya fedha hakikugharimu kitu. Nami nasadiki kwamba kilimsogeza binti yule kuelekea uzamivu kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Mahali hapo pana historia yake. Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa miaka 10 kabla, iliungana na shirika la Wellcome Trust la Uingereza kuanzisha utafiti kando ya hospitali ya wilaya ya Kilifi, na kikundi hicho kidogo cha mwanzo, ambamo walikuwamo Kevin Marsh na Norbert Peshu, kikakua hata kikawa chuo kisichokuwa na jina la chuo. Kwao njia imepangwa kwa ngazi zinazoshikana. Mhitimu wa shahada ya kwanza huingia kujifunza kazi kwa muda; akifaa hupata stashahada ya mbinu za utafiti wa afya pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani, kilicho hapo hapo mjini; kisha hudhaminiwa katika uzamili, na kutoka hapo katika uzamivu, asikatwe na mazingira ya kazi wala na watu waliomjua tangu alipokuwa hajui kushika pipeti. Upande wa Tanzania, taasisi ya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ndogo ya Waswisi ya mwaka 1957, imeshirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kuwafundisha vijana wa uzamili utafiti wa afya ya jamii karibu na watafiti wenyewe. Hata Marekani, penye vyuo tele na mali tele, Taasisi za Taifa za Afya ziliona haja ya kuweka mpango ambao jina lake lina maana ya madaraja ya kwendea udaktari wa falsafa: chuo kilichoishia katika uzamili kiliunganishwa na chuo kilichotoa uzamivu, na mwanafunzi alilipwa ili afanye utafiti pande zote mbili badala ya kuuza duka usiku. Ikiwa wao wenye mali wamehitaji daraja, sisi hatuna sababu ya kuona haya kulijenga letu.

Huenda msomaji akauliza swali jema lina thamani gani hata likalelewe kwa gharama zote hizi. Nitamjibu kwa kisa kilichotokea katika nchi zetu. Kwa miaka mingi tabibu alipopokea mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu imepoa na damu haizunguki sawasawa, alifundishwa kumtia maji ya dripu mengi kwa haraka, na wachache tu walilitilia shaka jambo hilo, kwa sababu lilionekana la insafu na la akili. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi wakathubutu kuuliza: je, hapa kwetu, penye malaria na upungufu wa damu, maji hayo yanaokoa? Tangu mwaka 2009 mpaka Januari 2011 wakawaandikisha watoto 3,141 katika hospitali 6 za Uganda, Kenya na Tanzania, mojawapo ikiwa ile ya Teule huko Muheza, wengine wakapewa maji ya haraka na wengine wasipewe. Kamati iliyokuwa ikiangalia hesabu iliusimamisha utafiti kabla ya wakati wake, kwani katika saa 48 za kwanza watoto waliopewa maji ya haraka walifariki kiasi cha 10.6 na 10.5 katika kila 100, kwa aina mbili za maji, na wale wasiopewa walifariki 7.3. Tafakari hesabu hiyo, ewe msomaji: tiba iliyotolewa kwa moyo safi, na mikono iliyoitoa ilikuwa mikono ya huruma, ilikuwa ikipunguza walio hai. Hapana mtihani wa uzamili ambao ungalilifichua jambo hilo, kwa kuwa katika mtihani kila mwanafunzi angaliandika jibu la kitabuni na kupata alama zote.

Basi mshika kamba ana kazi gani hasa? Kwanza husoma pamoja na mwanafunzi. Katika taasisi zilizo hai pana kikao cha kila juma ambamo makala moja ya jarida huwekwa mezani na kupekuliwa kama mfanyabiashara apekuavyo karafuu, akitafuta vikonyo na unyevu: watu walikuwa wangapi, walichaguliwaje, walioacha njiani walikwenda wapi, na je, hitimisho limezidi ushahidi? Mwanafunzi mgeni hudhani kwamba kila kilichochapwa ni haki. Baada ya mwaka mmoja wa vikao hivyo hujua kuuliza kwa adabu, naye hujua vilevile kwamba kazi yake mwenyewe itapekuliwa hivyo hivyo. Kisha humfundisha kuandika, na hapa sina subira na wasimamizi wanaokaa na sura moja ya tasnifu miezi 6 bila kuitia jicho, au wanaoisoma siku wanayotaka kutia majina yao juu yake. Nimewasikia wanafunzi wengi, katika vyuo mbalimbali, wakisimulia hayo kwa sauti ya chini, kana kwamba aibu ni yao. Kamba iliyolegezwa namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na kamba, kwani aliye chini ya maji humtumainia aliye juu.

Takwimu ni mlango mwingine, na hapa wengi hujikwaa. Vijana wetu wa elimu ya viumbe aghalabu walizikimbia hesabu tangu sekondari, wakafika uzamili wakiwa na nia ya kumtafuta mtu wa kuwafanyia hesabu hizo kwa ujira. Na anayefanyiwa hesabu hajui ni lini amedanganywa, hata aliyedanganya akiwa ni kompyuta yake mwenyewe. Afadhali mwezi mmoja wa mateso mbele ya programu ya takwimu akiwa kijana, mwalimu akiwa karibu, kuliko fedheha mbele ya watahini.

Fauka ya hayo yako maadili, nayo hayafundishwi vyema kwa karatasi. Mwanafunzi huambiwa kwamba Tanzania hupati kutafiti bila idhini ya taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, na kibali cha tume ya sayansi, COSTECH, na Kenya bila idhini ya kamati ya maadili na leseni ya tume yao ya sayansi, NACOSTI, akadhani hizo ni mihuri ya kukusanya. Yule binti wa vitundu 96 alilijua jambo hilo kwa namna nyingine, siku tuliyokwenda katika kijiji kimoja nyuma ya Kilifi. Pwani yetu ina uvumi wa kale wa mumiani, watu wadhaniwao kunyonya damu za wenzao waifanye dawa, na mtafiti mwenye sindano na kichupa hana budi kujua kwamba uvumi huo humtangulia kila mlango abishao hodi. Akavua viatu penye ukingo wa mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Akaeleza. Alikwisha fundishwa asiseme uchunguzi, maana kwa mgonjwa uchunguzi ni kupimwa ili atibiwe, bali aseme utafiti, na abainishe kwamba huenda mtoto asipate faida yoyote leo. Na asiseme mililita 5, bali kijiko cha chai, akakitoa kijiko chenyewe mkobani na kukionyesha. Mama alikitazama kijiko, akawatazama wanawe, mapacha wa miaka 4 waliokuwa wakigombania kifuu cha nazi, akatoa ridhaa yake. Kisha akasema: "Damu nimekubali. Lakini niambie, mwanangu: majibu yatarudi huku, au yatakwenda na gari lenu?"

"Yatarudi, mama. Nitayaleta mwenyewe."

Katika safari ya kurudi alikaa kimya kitambo, akakiri kwamba katika andiko lake la utafiti hapakuwa na shilingi moja ya safari ya pili. Msimamizi wake aliposikia hakumlaumu wala hakumpa fedha. Alimtaka aiandike upya bajeti yake na kuitetea mbele ya wakubwa, na hilo nalo ni somo, kwa kuwa nusu ya maisha ya mtafiti ni kuomba fedha kwa hoja.

Swali lile la mama si dogo, na bara letu limelilipia. Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, tabibu Mkongo, alipata uzamivu wa elimu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973, akarejea Kinshasa. Mwaka 1976 akatumwa Yambuku, kaskazini ya nchi, penye maradhi yasiyojulikana. Akatoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, akaona ajabu kwamba tundu la sindano haliachi kuvuja, akanawa kwa sabuni na maji, na Mungu akamsalimisha. Damu ya mtawa mmoja ikasafirishwa mpaka Antwerp ndani ya thamosi, ile chupa ya chai tuijuayo sote, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na maabara ya kuifungua. Virusi vikapata jina la Ebola, na kwa miaka mingi waliotajwa katika ugunduzi huo walikuwa wale wenye maabara. Elimu ya uzamivu alikuwa nayo, mahali pa kuitumia hapana. Lakini hakuondoka. Kutoka damu ya mtu aliyepona katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, yeye na wenziwe wa Marekani walipata kingamwili iliyofanywa dawa, na tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019 dawa hiyo ikapimwa pamoja na nyingine 3 kwa wagonjwa 681 mashariki ya Kongo, naye akiwa mmoja wa viongozi wa jaribio hilo. Waliopewa dawa ile walifariki kiasi cha 35 katika kila 100, na katika dawa mbili zilizoshindwa walifariki nusu ya wagonjwa hivi. Jaribio hilo lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na mwezi wa Disemba 2020 dawa ikaidhinishwa Marekani. Kati ya uzamivu wa Leuven na idhini hiyo ilipita miaka 47.

Simulizi hiyo ndiyo inifanyayo niseme kwamba kumwandaa mwanafunzi kwa uzamivu pasipo kumwandalia kazi ni kumtosa baharini na kuondoa chombo. Wala kazi hizo si uhadhiri peke yake, kama wazazi wengi wanavyodhani. Chanjo ya kwanza ya malaria ilijaribiwa tangu mwaka 2009 mpaka 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, miongoni mwavyo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya, na Shirika la Afya Duniani likaikubali Oktoba 2021. Kazi hiyo ilitaka wenye kusimamia majaribio, wenye kulinda hesabu, wafamasia, wanajamii wa kuzungumza na vijiji, na wadhibiti wa dawa serikalini, na katika kila safu hiyo mwenye malezi ya utafiti alikuwa na nafasi. Wanawake wametuonyesha njia kwa wingi: Faith Osier alitoka katika wodi ya watoto wa Kilifi akaingia katika elimu ya kinga, na mwaka 2019 akawa rais wa umoja wa dunia wa vyama vya elimu hiyo; Julie Makani kazi yake juu ya maradhi ya selimundu aliifanya Muhimbili, kati ya wagonjwa wenyewe. Lakini mwanamke aliye katika umri wa uzamivu aghalabu yuko pia katika umri wa kulea, na ufadhili usiokuwa na likizo ya uzazi wala fungu la yaya humwambia bila kutamka kwamba hatakiwi. Jambo hili halingoji hekima kubwa. Linangoja mstari mmoja katika bajeti.

Baada ya miezi 10 binti yule alirudi kijijini, nami nikaandamana naye. Alikuwa na karatasi moja aliyoiandika kwa Kiswahili chepesi, akamsomea mama majibu: watoto wa kijiji kile wengi wana kingamwili, nazo huongezeka kwa umri. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, kisha akawaelekeza kidole mapacha wake. "Basi nifumbulie hili, mwanangu. Hawa wanalala chandarua kimoja, wanakula sahani moja. Mbona huyu homa haimwishi, na mwenziwe hata mafua hayamjui?" Binti alijua kwamba mtoto aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa sana na malaria kali, lakini wote wawili walikwisha pimwa, na hapana aliye nayo. Akasema, "Sijui, mama."

Alilipeleka swali hilo kwa msimamizi wake, naye akamjibu kwa kumpa orodha ya makala za kusoma na majuma 3. Nilipoagana naye alikuwa amekwisha jaza kurasa mbili za daftari kwa kuliandika na kulifuta, kila mara kwa mstari mmoja wa wino, kila mara jembamba kidogo kuliko mara iliyotangulia. Kurasa zile zilikuwa za Kiingereza, lugha ya andiko la uzamivu aliloanza kuliandaa. Ila mstari wa juu kabisa, ambao hakuufuta, ulikuwa wa Kiswahili, kama alivyousikia mkekani.